Bastola ya Kujihami kama Mchezo: Maswali ya Wageni wa Renji

Kila mwezi kuna mtu anatokea renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, na bastola mpya, holsta (ala ya bastola) ya kitambaa na maswali yale yale, nami nimechoka kuyajibu huku nimeshika taima mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Basi nimeyaandika. Naandika nikiwa Kenya na nikimfikiria mtu wa Kenya, wa Tanzania ama Uganda mtachukua yanayowafaa, mchezo ni mmoja lakini sheria si moja.

Huu mchezo ni upi hasa?

Unaitwa IDPA. Ni chama cha kimataifa cha bastola za kujihami, kilianzishwa Marekani mwaka 1996. Waanzilishi ni watu kama Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers, wengi wao walikuwa wameshacheza mchezo mwingine mkubwa zaidi uitwao IPSC, ule ulioanzishwa 1976 kule Columbia, Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza.

Sasa shida ilikuwa hivi. IPSC ilianza na bastola za kawaida za watu wa kawaida, halafu miaka ikasonga na watu wakaanza kuleta mitambo, bastola yenye lenzi juu, yenye matundu ya kupunguza teke, holsta ya wazi ambayo ukiinama kuokota shilingi bastola inaanguka. Ni kama Safari Rally, zamani mtu aliingia na Peugeot ambayo Jumatatu ilimpeleka kazini, leo gari la mashindano huwezi kwendea sokoni. IDPA ikasema turudi nyuma. Njoo na bastola unayoweza kubeba mtaani, ndani ya holsta unayoweza kuvaa siku nzima, imefunikwa na koti, na tukuwekee visa vinavyoweza kukupata.

Visa gani?

Kila mechi ina steji kadhaa, na kila steji ni hadithi fupi. Umeketi kwenye kiti cha gari, geti lako linafunguliwa polepole, wawili wanakuja upande wa dirisha. Ama uko duka la jumla umeshika kikapu, unasikia kelele kwa kaunta. Ama umelala, mtu amevunja mlango wa jikoni na bastola yako imo ndani ya sefu la kando ya kitanda bila risasi, anza. Hakuna watu bila shaka, ni karatasi ngumu za kadibodi zimesimamishwa, na mbele yako kuna pipa, ukuta wa mbao ama mlango wa kujifichia. Zingine zimechorwa mikono iliyo wazi, hao ni raia wasio na hatia, ukiwapiga utalipa.

Kisa kimoja hakizidi risasi 18. Umbali mara nyingi ni mdogo kuliko unavyodhani, mita tano, mita saba, mita kumi, mara moja moja unapewa shabaha ya mbali ili ushike adabu.

Kwa hivyo nikicheza hii nitajua kujilinda na majambazi?

Hapana, na yeyote anayekuambia ndiyo anakuuzia kozi.

Mchezo unakufundisha kushika bastola. Kuichomoa chini ya koti bila kujishika shati, kubadilisha magazini, kile kisanduku cha risasi, mikono ikitetemeka, kufungua bastola iliyokwama, kutembea nayo bila kuelekeza mtutu kwa mguu wako mwenyewe. Pia unakufundisha kufikiri kelele ikiwa nyingi, ambayo ndiyo kazi kubwa. Lakini kwenye mechi unajua risasi zitaanza saa ngapi, unajua adui wako ni karatasi na hairudishi, na umeambiwa kisa kizima kabla ya kuanza. Maisha hayakupi hiyo. Kukimbia, kutoa simu na funguo ukaenda zako, kutopita njia fulani usiku, hayo hakuna taima inayoyapima na ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani.

Ninachosema mimi ni hiki. Wenye leseni wengi wananunua bastola, wanapiga risasi kumi siku ya kwanza, wanaiweka kiunoni miaka mitano. Halafu mtu huyo anaamini kwamba siku ikifika mkono utajua. Mkono haujui kitu. Njoo renji uaibike mbele ya watu wanane wanaocheka kwa upendo, aibu hiyo ni rahisi kuliko ile nyingine.

Lazima niwe na leseni?

Kwa Kenya, ndiyo. Kumiliki bunduki hapa si haki ya kila mtu, ni ruhusa inayotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayoamua, na inaweza kuichukua tena. Utaulizwa sababu ya kutaka silaha, utaombwa cheti cha tabia njema, utachunguzwa, na cheti chenyewe cha silaha kinahuishwa, si cha maisha. Wazee wa mchezo wanakumbuka mwaka 2018 wenye leseni wote walipoitwa kuhakikiwa upya, kuna watu waligundua siku hiyo kwamba karatasi zao si karatasi.

Tanzania wana sheria yao ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hivyo usichukue ushauri wa mtu wa Nairobi ukauvukisha Namanga. Na bastola yenyewe ndiyo kabisa usiivukishe, leseni ya nchi moja haitambuliki ya pili, hata kama unaenda kwenye mashindano rasmi kuna vibali vya kuomba mapema.

Kama huna leseni njoo utazame. Kweli. Utapewa viziba masikio na miwani, utasimama nyuma ya mstari, utabandika stika kwenye matundu ya shabaha na sisi. Usije na ya kuazima. Bastola ya shemeji yako ina jina la shemeji yako.

Mchezo unachezwa wapi hapa kwetu?

Renji ya Kirigiti kule Kiambu ndiyo watu wengi wanaijua kwa IDPA. Mahali pengine unauliza kupitia chama cha wamiliki wa silaha ama mkufunzi aliyekufundisha. Usipige risasi shambani kwa mjomba ukasema ni mazoezi.

Nina Ceska ya kawaida tu, inatosha?

Inatosha sana. Watu wamezoea kuisikia Ceska kwenye taarifa za polisi mpaka wamesahau kwamba ni bastola nzuri ajabu, CZ 75 imekuwa ikitengenezwa Uherský Brod huko Cheki tangu miaka ya sabini na kuna mabingwa wanaicheza mpaka leo. Glock pia sawa. Beretta sawa. Rivolva ya babu sawa, ina kundi lake kabisa.

Mchezo umegawanywa kwa aina za bastola ili Glock isishindane na kitu kilichochongwa na fundi miezi sita. SSP ni ya bastola za kawaida kama zilivyotoka kiwandani. ESP ni ya zilizoboreshwa kidogo. CDP ni ya wazee wa .45, ile risasi nene. CCP ni ya bastola fupi, BUG ni ya zile ndogo kabisa za akiba, REV ni rivolva, na CO ni ya wenye nukta nyekundu juu. Wageni wengi wanaishia SSP na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Jambo moja kwa wenye CZ 75 na mfano wake. Ukiingia SSP lazima uanze nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza triga itakuwa nzito na ndefu, ya pili nyepesi. Ukitaka kuanza nyundo juu na sefti imefungwa, hiyo ni ESP. Nimeona mtu akibishana na SO robo saa kuhusu hili. SO ni afisa wa usalama anayekufuata na taima, na hujawahi kumshinda SO kwa mdomo.

Kuhusu kipenyo cha risasi, 9mm na mwisho wa habari. Ni nafuu kuliko .45, inapatikana, na teke lake linavumilika.

Vifaa vingine ni nini?

Holsta ngumu inayofunika triga yote na isiyojikunja ukichomoa. Hii ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Zile za kitambaa za kujifunga tumboni ziache, ukichomoa inajifunga kama mfuko wa ugoro na utajikuta unaifungua kwa mkono wa pili huku mtutu unakuangalia kidole. Holsta ya kwapani na ile ya kuvuka tumbo haziruhusiwi mchezoni, kwa sababu ukichomoa unawafagia walio kando yako wote. Ivae upande wa mkono wako wenye nguvu.

Mkanda mgumu. Mkanda wa suruali ya ofisini utalegea na bastola itainama kama mlevi. Magazini tatu angalau, na mifuko yake ya kiunoni. Koti ama vesti ya kufunika, wengi wetu tunavaa zile vesti za wapiga picha zenye mifuko kumi na mbili, hatupendezi lakini zinasukumika haraka.

Miwani ya kinga na viziba masikio si hiari. Mlio wa 9mm unakaribia desibeli 160, na sikio linaanza kuharibika kwa mlio wa ghafla wa 140, na halirudi. Mimi navaa vya kuingiza ndani halafu nafunika na vya juu, hasa kama renji ina paa la mabati. Kofia yenye ukingo wa mbele inazuia ganda la moto lisiingie nyuma ya miwani. Na dada zangu, hii nawaambia kwa heshima, nguo iliyofunga shingoni. Ganda likitoka bastola ni la moto kama mkaa na lina tabia ya kutafuta pa kuingilia, na ukianza kuruka-ruka na bastola mkononi hapo ndipo hatari ilipo.

Nitatumia risasi ngapi?

Mechi ya klabu ya kawaida njoo na 150, utarudi na zingine. Kumbuka risasi unazonunua zinaandikwa na kuna kiwango, kwa hivyo panga mapema, usigundue Ijumaa jioni.

Alama zinahesabiwaje? Kila mtu ananieleza na sielewi.

Sahau alama. Fikiria muda tu. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi, na kila kosa linageuzwa kuwa sekunde.

Shabaha ina sehemu. Katikati ya kifua kuna duara la kama sentimita 20, na kichwani kuna duara dogo, ukipiga humo hulipi kitu. Ukitoka kidogo unapoteza pointi moja, yaani unaongezewa sekunde moja, ukitoka zaidi tatu, ukikosa karatasi kabisa tano. Zamani kila pointi ilikuwa nusu sekunde, tangu kanuni za 2017 ni sekunde nzima, na hiyo ilibadilisha mchezo wote. Wakati ule mtu mwenye mkono mwepesi angeweza kumwaga risasi ovyo na bado ashinde. Siku hizi anaadhibiwa.

Sasa hesabu. Kamau amemaliza steji kwa sekunde 11.00, watu wamepiga makofi, lakini amepoteza pointi 12. Jumla 23.00. Mama mmoja mwenye miwani amemaliza kwa 14.20, hakuna aliyemuona, amepoteza 4. Jumla 18.20. Mama ameshinda kwa karibu sekunde tano na Kamau bado anajisifu kwenye kivuli.

Halafu kuna faini. Kosa la utaratibu ni sekunde tatu, mfano umetoka nje ya kinga kabla ya wakati ama umesahau kufanya kitu ulichoambiwa. Kumpiga raia mwenye mikono wazi ni sekunde tano, juu ya hiyo uangaliwe vibaya na kikosi kizima. Mechi yangu ya kwanza nilimpiga raia mara mbili. Mara mbili. Alikuwa amesimama nusu mbele ya jambazi, nikajiambia nitapitisha risasi kando ya sikio, nikapitisha shingoni.

Kwani kuna mambo ya kujificha pia?

Ndiyo, na hapo ndipo IDPA inatofautiana sana na IPSC. Kama kuna ukuta ama pipa, piga ukiwa nyuma yake. Chini kuna mstari uliowekwa kwa ubao ama kamba, mguu ukigusa nje ya mstari huku ukipiga, umetoka kwenye kinga. Shabaha zilizo nyuma ya kona unazichukua moja moja kadiri zinavyoonekana, unakata kona kidogo kidogo kama mtu anayekata keki, hurukii katikati ya mlango ukaanza kumwaga.

Na magazini usiiangushe chini ikiwa bado ina risasi. Ikiisha kabisa na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, imesimama nyuma, iache ianguke, hiyo sawa. Ikiwa bado ina risasi na unataka kuibadilisha, iweke mfukoni ama kiunoni. Wageni wanasahau hili kila mechi kwa sababu kwenye video za IPSC wanaona watu wanatupa magazini kama maganda ya ndizi.

Nini kinaweza kunifukuzisha?

Hii isome mara mbili. Unaweza kupiga vibaya siku nzima na tukakupa soda. Lakini ukifanya moja ya haya utafunga bastola yako kwenye mkoba na mechi yako imeisha, hakuna rufaa ya machozi.

Kuangusha bastola. Kuelekeza mtutu kwa mtu, akiwemo wewe mwenyewe, hata kama haina risasi, hakuna kitu kinaitwa haina risasi. Kuvuka mpaka wa usalama wa mtutu, yaani umegeuka kubadilisha magazini na mtutu umetazama tulikosimama. Risasi kutoka wakati hukutaka, ukiwa unachomoa, unabadilisha magazini, ama unarekebisha iliyokwama. Kushika bastola yako nje ya mahali pa usalama bila amri ya SO, maana renji yetu ni baridi, bastola zote hazina kitu mpaka umeitwa. Na kidole. Kama hupigi, kidole kiko nje ya triga, kimelala juu ya fremu. SO ataita "Finger!" mara ya kwanza, ukirudia unaenda nyumbani.

Mkono wa kushoto mjihadhari zaidi mkibadilisha magazini mkitembea kwenda upande wa kulia, mtutu unataka kurudi nyuma wenyewe. Wa kulia ni vilevile mkienda kushoto.

Pombe hata hatujadili. Umeonja jana usiku sana, kaa nyumbani leo.

Ukiona mtu amefanya kitu cha hatari, hata kama ni mzee na wewe ni mgeni wa siku moja, piga kelele "Stop!". Hapa heshima ya umri inaondoka kwa dakika moja, halafu inarudi.

Amri za SO ni zipi? Naogopa kuchanganyikiwa.

Zinatolewa kwa Kiingereza kila mahali duniani, hata Kiambu, ili mtu akitoka Brazil asipotee. Zishike hivi.

Ataita watu wavae miwani na viziba masikio. Halafu "Load and make ready", hapo na si kabla ya hapo ndipo unapochomoa, unaweka magazini, unavuta slaidi, unarudisha holsta. Usikimbie, taima bado haijaanza, huu ni wakati wako, vuta pumzi. Halafu "Are you ready?", ukinyamaza anachukulia uko tayari, kama hauko sema hapana kwa sauti. Halafu "Stand by", kimya kidogo, na mlio. Moyo wako utapiga kuliko huo mlio.

Ukimaliza atasema "If finished, unload and show clear". Toa magazini kwanza, halafu vuta slaidi risasi iliyo ndani itoke, umuonyeshe chumba cha risasi kitupu. Toa magazini KWANZA. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani umeingiza risasi nyingine, na huo ndio mwanzo wa hadithi nyingi mbaya. Akiridhika atakuambia urudishe slaidi, ubonyeze triga mtutu ukitazama kifusi cha udongo kilicho nyuma ya shabaha, urudishe holsta. Usikimbilie kurudisha holsta, tazama kwa macho, hakikisha shati halijaingia. Hakuna anayepewa tuzo ya kurudisha haraka.

Bastola ikikwama katikati ya steji?

Taima haisimami. Gonga magazini kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Hiyo inaponya nyingi. Ganda likiwa limesimama wima kwenye tundu, hiyo hiyo. Kama risasi imelia kidogo, puf, kama chupa ya soda, hakuna teke, SIMAMA. Usivute slaidi, usipige tena. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu na inayofuata itapasua bastola mkononi mwako. SO mzuri atakusimamisha, lakini masikio ni yako.

Nifanye mazoezi gani nyumbani, risasi zenyewe ni ghali?

Mazoezi makavu, bila risasi. Hapa ndipo watu wanapopatia ama wanapoharibu. Risasi zote ziko chumba kingine, si meza nyingine, chumba kingine. Angalia ndani ya bastola, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha kwa kidole. Lenga ukuta wa mawe, si wa mbao ambao nyuma yake amelala mtoto wa jirani. Dakika kumi, si saa nzima, halafu sema kwa sauti mazoezi yamekwisha, na ukishasema usirudie hata mara moja. Ajali nyingi za mazoezi makavu ni za ile "wacha nifanye moja ya mwisho" baada ya kuweka risasi.

Fanya kuchomoa kutoka chini ya koti polepole mpaka iwe laini. Fanya kubonyeza triga huku umeweka shilingi kumi juu ya slaidi, ikianguka unavuruga. Fanya kubadilisha magazini tupu ukiwa umesimama kando ya kitanda ziangukie godoro, utaokoa mgongo na vigae.

Bastola za kuchezea zinazofanana na halisi usiagize mtandaoni kabla ya kuuliza, zina matatizo yake kwenye forodha na kwa polisi.

Nitapangwa daraja gani?

Ukianza huna daraja. Ukipiga jaribio unapewa moja kati ya Novice, Marksman, Sharpshooter, Expert, Master na Distinguished Master, ili ushindane na wa kiwango chako. Kuna jaribio refu la risasi 72 na kuna lile fupi liitwalo 5x5, risasi 25 tu, zote kutoka yadi 10, yaani kama mita tisa. Risasi tano kawaida, tano kwa mkono mmoja wenye nguvu, tano halafu ubadilishe magazini upige tano tena, mwisho nne kifuani na moja kichwani. Linaonekana rahisi hivyo. Hiyo ya mkono mmoja imewanyamazisha watu wazima wenye ndevu.

Mke wangu anataka kuja, anaruhusiwa?

Swali gani hili, aje. Kwa uzoefu wangu wanawake wanajifunza haraka zaidi kwa sababu hawaji wakidhani tayari wanajua. Ila usimfundishe wewe, mpe mkufunzi. Nimeona ndoa zikitikisika pale mstarini.

Mjamzito asubiri. Mlio unafika tumboni ambako hakuna viziba masikio, na pia kuna moshi wa madini. Na hapo niongeze kitu. Kiswahili kimetuita hii kitu risasi kwa sababu imetengenezwa kwa risasi, ile metali laini ya kijivu, na ni sumu. Inabaki mkononi, usoni, kwenye nguo. Osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa ile nyama choma ya baada ya mechi, na nguo za renji usizifue pamoja na za mtoto.

Siku ya kwanza nifanyeje nisionekane mshamba?

Sema wewe ni mgeni. Basi. Utapewa mtu wa kutembea nawe. Bastola iletwe imefungwa kwenye mkoba, haina magazini, na mkoba usiufungue kwenye maegesho ili kumuonyesha rafiki, fungua pale kwenye meza ya usalama tu, na risasi zisiguswe kabisa kwenye meza hiyo.

Piga polepole. Nasema kila mtu na hakuna anayesikia, taima ikilia wote wanageuka kuwa swala. Jiwekee lengo moja tu, umalize mechi bila kufukuzwa na bila kumpiga raia. Matokeo yakitoka usitazame nafasi yako, tazama ile safu ya pointi ulizopoteza, hiyo ndiyo utakayoshughulikia mwezi ujao.

Tunaanza saa ngapi?

Saa mbili asubuhi ni maelezo ya usalama. Ukikosa maelezo hupigi, hata kama umetoka Mombasa usiku kucha. Fika saa moja na nusu, leta cheti chako cha silaha na kitambulisho, maji ya lita mbili, na ukiweza karatasi ya stika za kahawia, hazitoshi kamwe.